Harambee Isiyo na Kipaza Sauti

Kwa Mjomba mpenzi, Nkubu, na jamaa zetu wote wa Embu,

Huku Denmark mimi ni mzima, ila ncha ya pua, ambayo tangu Novemba siisikii. Umeniuliza iwapo ni kweli kwamba watu wa Denmark wameridhika kuliko walimwengu wote. Taarifa ya Furaha Duniani ya 2012 iliwapa nafasi ya kwanza, lakini tangu 2018 Wafini wameishika nafasi hiyo, wala sijamwona Mdenmark hata mmoja aliyesononeka kwa hilo.

Usidhani kwamba ridhaa yao ina kelele. Katika basi kila abiria hutafuta kiti cha peke yake, na ukimjulia mtu hali yake, ya watoto na ya mvua, kwa utaratibu ule tuliouzoea katika soko la Gakoromone, hukutazama kana kwamba umekuja kumdai.

Siri yao, kwa kadiri ya akili yangu, ni kodi, na usicheke. Wanunuacho huongezwa 25 kwa mia, gari jipya ushuru wake waweza kupanda hadi 150 kwa mia, na mshahara hukatwa kabla mwenyewe hajaunusa. Lakini mgonjwa hulazwa hospitalini asidaiwe, na mwanafunzi wao wa chuo kikuu, badala ya kutoa karo, hupewa posho kila mwezi. Hiyo, Mjomba, ni harambee isiyokoma, isiyo na hema wala mgeni wa heshima, ambayo haina mbunge achelewaye hadi alasiri ili aje atoe bahasha mbele ya kadamnasi. Tena kwao kujigamba ni aibu: mwandishi Aksel Sandemose, katika riwaya yake ya 1933, alizitunga sheria za mji wa kubuni wa Jante, zikatazazo mtu kujidhania bora kuliko wenziwe, akikusudia kejeli, lakini wako wazitajao hadi leo kama wasia wa mababu. Mzee wa baraza letu la Njuri Ncheke angetaabika hapa, kwani angesimama na fimbo yake asipate wa kumpisha kiti.

Hata biashara yao haina kelele: kiangazi, kando ya njia ya shamba nje ya Odense, nilikuta meza yenye viazi vingali na udongo, vikapu vya stroberi, kopo la fedha, na nambari ya kulipia kwa simu mithili ya M-Pesa. Mwenyewe hayupo, wala mbwa. Nikangoja tupatane bei, maana kununua bila ya kupatana ni utovu wa adabu, hata bibi mmoja akachungulia dirishani akaniuliza kama naumwa.

Lile fungu la miraa usilitume. Hapa ni marufuku tangu 1993.

Mchango wangu wa paa la kanisa nimempelekea Shangazi, Runyenjes. Tafadhali mshereheshaji alitaje jina langu mara mbili na kiasi mara tatu, na kipaza sauti kielekezwe kwa yule jirani aliyesema ughaibuni sitaweza.

Ni mimi, mpwa wako mtiifu.