Jinsi ya Kupendwa Mwanza kwa Mujibu wa Furu

Kijana wa Mwanza anayetafuta mchumba hupewa ushauri na kila mtu. Kinyozi ana lake, muuza chips ana lake, shangazi aliyeolewa mara tatu ana yake mengi. Hakuna hata mmoja wao aliyefanya utafiti. Na utafiti upo, tena umefanyika hapahapa, kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza, kwa fedha za Wazungu na kwa zaidi ya miaka arobaini. Kasoro yake ni moja tu: aliyechunguzwa si wewe, ni furu.

Usikunje uso. Furu unamjua, yule samaki mdogo ambaye wavuvi humtundika kwenye ndoana kama chambo cha sangara. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipiga kambi Mwanza kumfuatilia. Ziwa lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani, ilhali ziwa hilohilo lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita na kujaa upya. Kwa hesabu za mageuzi ya viumbe, hiyo ni juzi. Ukoo gani hupasuka vipande mamia tangu juzi? Chakula kina sehemu yake katika jibu, na kina cha maji pia. Lakini sehemu tamu ni hii: majike wana macho, na wanachagua.

Kwa hiyo tuanze na mavazi. Wako furu wawili wa mawe wanaofanana kwa karibu kila kitu. Dume wa kwanza ana mgongo mwekundu na mbavu za njano. Dume wa pili ni wa buluu ya kijivu. Majike wa pande zote mbili wamevaa rangi za kawaida za kwenda sokoni. Yule mwekundu alipewa jina la kisayansi mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu, na leo anaitwa Pundamilia nyererei. Mwalimu, aliyeongoza nchi kwa suti zisizo na mbwembwe, amepewa samaki mwenye mbwembwe kuliko wote ghubani. Wa buluu anaitwa Pundamilia pundamilia, kana kwamba walioandika walikuwa wamechoka.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka samaki hao kwenye matangi ya vioo. Chini ya taa nyeupe, jike wa mwekundu alimfuata mwekundu, bila kusitasita sana. Kisha wakawasha taa ya rangi ya chungwa, ambayo ndani yake mwekundu na wa buluu huonekana sawa. Jike akapoteza dira. Chaguo lake la awali likayeyuka, akawa anawatazama madume wote wawili kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Hayo yalichapishwa mwaka 1998, na naomba kila anayependa kukutana na wachumba kwenye baa zenye taa nyekundu arudie kuyasoma. Ikiwa wewe ni wa buluu, umepata siri ya maisha. Ikiwa wewe ndiye unayechumbiwa, dai miadi ya saa sita mchana, Capri Point, jua likiwa utosini.

Hatua inayofuata itawaudhi wauza manukato: kabla ya kununua chochote cha kujipaka, kapime kichocho. Martine Maan, aliyewachunguza wekundu hawa kwa miaka, aliona kwamba majike huwapenda zaidi madume waliokolea wekundu. Tena hao waliokolea walikuwa na vimelea wachache mwilini. Wekundu ule, kumbe, ni cheti cha daktari kilichobandikwa mgongoni. Kijana anayeoga ziwani kila jioni, akanywa dawa ya kichocho na minyoo, anaweza asiwe mwekundu, lakini atakuwa na damu ya kutosha kupanda mlima wa Bugando bila kupumzika njiani. Mchumba ataona.

Watafiti walikuta pia kwamba dume mwenye eneo kubwa hupendwa zaidi. Hili wakwe wa Sengerema walilijua kabla ya Leiden kujengwa.

Kuhusu wapinzani wako, usihangaike na wote. Katika baadhi ya majaribio, dume alimshambulia zaidi dume wa rangi yake kuliko wa rangi nyingine. Ni kweli kabisa. Bodaboda hamwonei wivu daktari. Anamwonea bodaboda mwenzake mwenye pikipiki mpya. Na ikikulazimu kupigana, pigana mchana: wekundu waliwashinda wa buluu mara nyingi chini ya mwanga mweupe, lakini ubabe huo ulipungua walipopigana chini ya mwanga wa kijani.

Sasa uchumba wenyewe. Dume wa furu ana mitindo mitatu: humgeuzia jike ubavu wote aonekane, hutetemeka mwili mzima, kisha huogelea mbele akimwongoza kwenda kwenye ufa wa jiwe. Jike akikubali, hutaga yai na kulichukua papo hapo mdomoni mwake. Kwenye pezi la chini la dume kuna madoa ya njano yanayofanana na mayai. Wolfgang Wickler, mwaka 1962, alieleza kwamba jike huyadhania mayai aliyoyasahau, huenda kuyadonoa, na hapo dume humwaga mbegu, mayai yakarutubishwa ndani ya kinywa. Wasomi wanaendelea kubishana kama jike hudanganyika kweli au anajua anachofanya. Mimi naegemea upande wa jike. Akishamaliza, dume hutafuta mwingine, na mama hubaki na watoto mdomoni wiki mbili hadi tatu akijinyima chakula. Mwongozo huu unakuruhusu kuiga kuonyesha ubavu na kutetemeka. Sehemu iliyobaki usiiige, kwa maana ustawi wa jamii hawatakubali utetezi kwamba kwako ulikuwa ni mchezo wa madoa tu.

Kabla ya kutuma washenga, chunguza aliyemlea. Mwaka 2007 Machteld Verzijden na Carel ten Cate walichapisha jaribio la kuwabadilishia vifaranga mama: watoto wa spishi nyekundu wakalelewa mdomoni mwa mama wa buluu, na wa buluu kwa mama wa spishi nyekundu. Mabinti walipokua, waliwapendelea madume wa ukoo wa mama mlezi, siyo wa damu yao. Ukisikia binti amelelewa na shangazi aliyewapenda madereva wa malori, na wewe ni mwalimu wa hesabu, omba uhamisho mapema.

Mtaniambia binadamu si samaki. Hilo nalo limechunguzwa, na si mbali. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi wamepimwa na watafiti wa kila namna. Mwaka 2007 Coren Apicella na wenzake walitoa matokeo kwamba wanaume Wahadzabe wenye sauti nzito walikuwa na watoto wengi zaidi. Makondakta wa daladala wasishangilie. Kilichopimwa ni uzito wa sauti, siyo ukubwa wake. Halafu kuna sakata la kiuno. Huko Marekani ilidaiwa kwamba wanaume wote duniani hupenda kiuno chembamba kwa nyonga pana, kwa uwiano wa 0.7. Wahadzabe walipoonyeshwa michoro ya wanawake waliotazama mbele, hawakuufuata uwiano huo, wakawapenda walionenepa. Wasomi wakashangaa kwa miaka. Mwaka 2005 mchoro ukageuzwa ubavu, na mambo yakawa wazi: Wahadzabe walivutiwa na makalio yaliyojitokeza, kuliko hata Wamarekani. Dereva yeyote wa Igoma angewaambia bure. Furu naye alikuwa akionyesha ubavu siku zote hizo, hakuna aliyemuuliza.

Tatizo la kumchunguza binadamu ni kwamba ana mdomo. Mwanza vijijini, katika utafiti mkubwa wa MEMA kwa Vijana ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walilinganisha njia tano za kujua nani ameshafanya ngono: dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujaza mwenyewe, mahojiano marefu, kuishi nao kijijini, na vipimo vya maabara. Majibu hayakukubaliana. Wapo waliosema hawajawahi kabisa, na maabara ikasema vingine. Ukiulizwa na mtafiti, basi, kumbuka kwamba damu na mkojo havijafundwa unyagoni. Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini wengine wanarudi kwa furu: hajazi dodoso.

Tumefika kwenye hatua ngumu, na hii haiwezi kutekelezwa na mtu mmoja. Tafuta maji safi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alikuwa amewamaliza furu wengi kufikia miaka ya 1980. Wa mawe walinusurika zaidi, kwa sababu sangara hapenyi kwenye nyufa. Lakini hata kwao kulikuja kitu kingine. Seehausen alipita kisiwa kwa kisiwa. Makobe, kwenye maji maangavu, alikuta mwekundu ni mwekundu na wa buluu ni wa buluu, kila mmoja na kwake: wa buluu karibu na uso wa maji, mwekundu chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa rangi ya moto. Kissenda na Python, kwenye maji yenye ukungu zaidi, alikuta machotara. Luanso, kusini ndani ya ghuba, ambako maji ni tope tupu, hakukuwa tena na pande mbili. Palikuwa na kundi moja la rangi zilizochanganyika.

Mwaka 1997 Seehausen na wenzake waliandika kwamba hivyo ndivyo furu wanavyopotea kimyakimya, bila kuliwa na yeyote. Miti inakatwa, udongo unateremka, mbolea na maji taka yanalisha mwani, ziwa linakuwa la kijani, na jike anabaki kama yule wa chini ya taa ya chungwa. Hajui amchague nani, na hakosi mume. Anaolewa na yeyote aliye karibu. Spishi mbili zilizojengwa kwa kutazamana zinarudi kuwa moja kwa kutoonana. Sijui matusi makubwa zaidi anayoweza kutukanwa dume mwekundu aliyejitunza mwaka mzima.

Ukitaka kuwasaidia, usifulie ziwani, unganisha choo chako na bomba la maji taka likipita mtaani kwako, na ukome kuufanya Mto Mirongo jalala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wenye mashamba wanahusika, wenye nyumba za wageni wanahusika, na wenye baa za taa nyekundu wanahusika mara mbili.