Namna ya Kufuga Kipanya Kilichosimama

Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu anayejaza hesabu za shule kwenye mfumo wa FFARS hadi watoto wake wanalala, wa mhudumu wa zahanati anayeandikisha wagonjwa kwenye kompyuta, wa mtendaji anayehangaika na PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji, mwisho wa mwezi, na wa dada wa steshenari anayechapa barua za kuomba kazi za vijana wa vijiji vitatu. Ukipanda kutoka Same mjini hadi Mhezi, au kata yoyote ya milima ya Upare, kazi hizi utazikuta. Utakuta pia mikono inayouma, na wenye mikono hiyo wamenyamaza.

Wananyamaza kwa sababu moja. Huku milimani maumivu yenye heshima ni ya jembe, ya kuni na ya mzigo wa tangawizi mgongoni. Anayesema mkono unamuuma kwa kubofya kompyuta huulizwa kama na yeye ni mtu mzima. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu kifaa chochote. Sema unaumwa. Mwambie mwenzako wa ofisini, mwambie mumeo au mkeo, kwa sauti ya kawaida, na acheke anayetaka kucheka. Mpini wa jembe ukimchubua mtu kiganja, hakuna anayemwita mvivu. Mpini huchongwa upya ukae vizuri mkononi. Kipanya nacho ni kifaa cha kazi, na mkono uliokishika ni ule ule.

Hatua ya pili, ujue kinachouma. Weka mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kama unavyoshika kipanya cha kawaida. Kigasha kina mifupa miwili, na katika mkao huo mmoja umelala juu ya mwingine, umepishana nao, na misuli inafanya kazi ili iubakishe hapo. Sasa inua mkono kana kwamba unamsalimia mzee aliyeingia ofisini. Kiganja kimetazama pembeni, mifupa imekaa sambamba, misuli imelegea. Mkao huo wa salamu ndio kinaoutaka kipanya cha wima, kile kilichosimama ubavu.

Kipanya cha kulala tulikirithi. Mwaka 1964 huko California, Bill English alichonga kipanya cha kwanza kwa mbao kutokana na wazo la Douglas Engelbart, na tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akakionyesha hadharani San Francisco. Kilikuwa kijisanduku cha kulazwa mezani, na vilivyofuata vikalala hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Evoluent ya Marekani ikaleta sokoni kilichosimamishwa ubavu. Mwaka 2018 Logitech wakatoa cha kwao, MX Vertical, chenye mwinamo wa nyuzi 57. Leo viwanda vya China vinavitengeneza kwa wingi, ndiyo maana bei imeshuka hadi mwalimu anaweza kujipangia.

Maumivu yenyewe yana umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kila kazi. Katika toleo la mwaka 1713 aliwaongeza makarani: wanakaa mfululizo, mkono unarudia mwendo ule ule kutwa nzima, na akili imekazwa isikosee hesabu. Mhasibu wa leo anayefunga mwaka wa fedha mwezi Juni angejitambua kwenye ukurasa huo bila kuelezwa.

Sasa tununue. Wapare tunasemwa nchini kwa mambo mawili, kubana shilingi na kupenda mashauri. Mashauri tutayafikia. Kubana shilingi hapa kuna maana hii: usinunue kwa picha ya simu. Kishike kwanza. Kama kuna fundi au mwenye duka Same mjini au Moshi anayeweza kukuletea viwili uvijaribu, msubiri. Kipanya kikiwa kikubwa kuliko mkono, vidole vinajinyoosha kutafuta vitufe na maumivu yanahamia kwingine. Wanawake wengi huuziwa vikubwa mno kwa sababu muuzaji hajui kuwa vipo vidogo. Anayetumia mkono wa kushoto ahakikishe ananunua cha kushoto, maana cha kulia hakigeuziki. Logitech Lift iliyotoka mwaka 2022, kwa mfano, ilitengenezwa kwa mikono midogo na ina toleo la kushoto. Chukua cha waya ukiweza. Cha waya hakidai betri, na betri ikiisha Mhezi saa mbili usiku huku ripoti inatakiwa wilayani asubuhi, duka la karibu limeshafungwa.

Kukiweka ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiharibu. Kipanya kikae karibu na kibodi, kiwiko chako kikiwa ubavuni na kimepinda kwa pembe ya mraba hivi. Kibodi kubwa zina safu ya tarakimu upande wa kulia, na safu hiyo inakisukuma kipanya mbali hadi bega linavutika. Isogeze kibodi kushoto kidogo. Kiti cha plastiki ni kifupi kwa meza nyingi za ofisi zetu, kwa hiyo weka mto au khanga iliyokunjwa mara kadhaa uinuke, na miguu ikining'inia itafutie matofali. Mwenye kompyuta ya mapajani anayeinama kutwa, akiinue kioo juu ya vitabu na atafute kibodi ya pembeni. Shingo na bega vikibaki vimekazwa, mkono hautapona peke yake.

Kisha jifunze kukiendesha. Mwendo utoke begani na kwenye kiwiko. Kifundo cha mkono kitulie. Usikibane. Anayekaba kipanya cha wima kwa nguvu amehamishia taabu yake kwenye gumba, na kano za gumba zikivimba ni ugonjwa mwingine. Ingia kwenye mpangilio wa kompyuta uongeze kasi ya mshale kidogo, ili mkono usisafiri sana. Siku za mwanzo utakiangusha kila ukikifuata kwa haraka, kwa kuwa ni kirefu, na utakosa visanduku vidogo vya jedwali. Usikirudishe kwenye boksi. Tumia cha zamani kwa kazi za nukta nukta na cha wima kwa kazi ndefu, ongeza muda taratibu hadi mkono wenyewe uanze kukitafuta.

Wageni watauliza. Mmoja atasema, "Mwalimu, hiki kipanya au kiatu cha mtoto?" Usimjibu kwa hotuba. Mwambie, "Mzee, hebu kishike." Akikishika atakiacha mkononi muda kidogo, na swali la pili litakuwa la bei.

Lakini jambo ambalo maduka hayakwambii, mimi nakwambia. Kipanya bora kuliko vyote ni kile usichokigusa. Jifunze Tab kuhama kisanduku, Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika, mishale na Enter kwenye jedwali. Mwalimu anayeingiza alama za darasa zima kwa vidole juu ya kibodi, bila kukifuata kipanya kila mstari, ameupunguzia mkono wake safari nyingi kwa jioni moja tu. Na kila baada ya nusu saa inuka, nyosha vidole, kunja ngumi polepole, fungua. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala mlimani na vidole vimekakamaa kwa baridi, pasha mikono kwanza kwa kikombe cha chai ndipo uanze.

Hapa nataka kuwaongelea akina mama hasa. Mkono hauhesabu kazi kwa ofisi. Mwalimu wa kike anatoka kwenye kompyuta saa kumi, anapukuchua mahindi ya makande, anakamua nguo, anabeba ndoo, anamenya ndizi, kisha usiku anarudi kwenye alama za wanafunzi. Mwendo wote huo unapita kwenye kifundo kile kile. Ukimnunulia kipanya cha wima na ukamwachia ndoo na nguo zote, hujamsaidia. Kwenye nyumba ya mtu anayeumwa mkono, kukamua nguo ni kazi ya mtu mwingine, na vijana wa kiume wana mikono mizuri sana ya kupukuchua mahindi.

Tena tusikipe kifaa sifa isiyo yake. Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano tisa pamoja na neva moja. Neva hiyo ikibanwa, ganzi inaingia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na mtu anaamka usiku akikung'uta mkono. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wa namna hiyo wakiwa wameshika kipanya cha wima: mkao wa mkono ulibadilika, ila mgandamizo ndani ya njia ile haukupungua. Kwa uchovu wa kigasha na misuli iliyojipinda, kipanya hiki kinasaidia. Kwa neva iliyobanwa, hakitoshi. Ganzi ikiwa ya kidole kidogo, ni neva tofauti, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko, na hapo kubadili kipanya pekee ni kupoteza muda.

Kwa hiyo mwenye ganzi ya usiku aende hospitali. Mjamzito aseme mapema, na mwenye kisukari pia, kwa kuwa hali hizo huongeza hatari. Dawa ya mwanzo mara nyingi ni rahisi: kibao laini cha kufunga mkono usiku usijipinde usingizini. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina wataalamu wa fiziotherapia na chuo kinachowafundisha. Mgonjwa asingoje hadi gumba limeshakonda upande wa kiganja na vitu vinamdondoka. Akifika hivyo amechelewa.

Tumefika kwenye mashauri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi wake, na ofisi yenye kompyuta moja nayo ni mahali pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyouanzisha mfuko wa WCF, inahusu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Shirika la Kazi Duniani liliuweka ugonjwa wa neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono katika orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2010. Kwa hiyo mwajiriwa amjulishe mwajiri kwa maandishi, atunze nakala na vyeti vya daktari. Dada wa steshenari aliyejiajiri hana mwajiri wa kumwandikia. Huyo aanze na kiti, kibodi na mapumziko, halafu apandishe kidogo bei ya kuchapa ukurasa.

Na ninyi mnaopanga bajeti za shule, zahanati na ofisi za kata: kwenye orodha ile ile ya karatasi na wino, andikeni kipanya cha wima kimoja kwa kila anayekaa kwenye kompyuta kutwa, na kabla ya kununua mpimeni mkono.