Namna ya Kuumaliza Mgongo wa Konda

Tajiri wa daladala, mtafute kijana wa miaka 22 asiyejua maumivu ya kiuno. Mpe mlango wa Hiace ya Buhongwa kwenda mjini, hapo Mwanza. Paa la gari ni fupi, mtu mzima hasimami wima. Jaza viti, halafu jaza na nafasi ya konda. Ainame, shingo upande, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine ukidai nauli, tangu saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku.

Dereva naye usimsahau. Sponji ya kiti isibadilishwe mpaka chuma kimguse. Shokapu zikifa, ziache, ili kila shimo na kila tuta limpande hadi kwenye pingili za kiuno. Katikati ya pingili hizo kuna visahani laini. Damu haivifikii vizuri. Hupata chakula chake mwili unapojongea. Basi asishuke. Akae kwenye foleni ya Mkuyuni akikanyaga klachi mpaka goti nalo lianze kulia.

Lakini chombo chako kikubwa ni hesabu, ile hela wanayokuletea kila siku. Ipandishe mpaka dakika ya kunyoosha mgongo iwe hela inayotoka mfukoni mwao, nao watajitesa wenyewe bila wewe kuwasimamia. Mkataba usiandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Pasipo karatasi, nani atazihesabu? Wala usijisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili mmoja wao akiumia aanze kwanza kuthibitisha kwamba alikuwa mtu wako.

Akilalamika, mwelekeze duka la dawa. Diklofenaki itamtuliza kwa saa kadhaa, arudi mlangoni. Akiizoea kila siku, itamchimba tumbo na kuzidhuru figo.

Inaniuma kuyaandika haya, maana hakuna hata hatua moja niliyoibuni. Vijana hawa wanatupeleka kazini na kuturudisha, kisha wanashindwa kuinama kufunga viatu vyao. Tajiri, badilisha shokapu na kiti cha dereva wiki hii. Weka deiwaka wa zamu ya mchana, ushushe hesabu ili naye apate chake. Na waandikie mkataba.