Chai Imemwagika, Washauri Wamefika

Laptopu ikimwagikiwa chai ya maziwa katika nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, kinachofika kwanza si kitambaa. Ni ushauri. Utatoka jikoni, utatoka kibarazani, utatoka hata kwa yule mpangaji wa chumba cha uani ambaye tangu ahamie hajamsalimia mtu. Na hakuna anayeshauri kwa kusitasita. Mtu ambaye hawezi kukuambia betri ya simu yake inakaa upande gani atakueleza kwa kirefu namna ya kuikausha mazabodi.

Mimi niko katikati ya mambo haya kwa sababu moja tu: nina seti ya bisibisi ndogo. Nilizinunua kwa ajili ya kukaza miwani. Ukoo ulipoziona, ukanipandisha cheo bila usaili, na sasa kila chenye waya kikinyamaza huletwa kwangu kimefungwa kwenye mfuko wa rambo. Katika kazi hii isiyo na mshahara nimejiridhisha na jambo moja: mabodi mengi hayauawi na kilichomwagika. Yanauawa na huruma ya watu.

Chukua laptopu ya shemeji. Chai ilikuwa ya kwetu kabisa, tangawizi, iliki, maziwa ya kutosha na sukari ya kumfurahisha mgeni, ikapita katikati ya vitufe vya kibodi na kuzama. Shemeji akaipangusa juu, akaigeuza, akaitikisa. Mpaka hapo sina neno. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia.

"Naangalia tu kama bado nzima," akasema.

Ilikuwa nzima mpaka alipoangalia. Bodi iliyolowa ikiwa haina umeme inaweza kusubiri. Hata viwandani mabodi mapya huoshwa kwa maji yaliyoondolewa chumvi, yakakaushwa, yakauzwa, na hakuna anayelia. Balaa ni maji na umeme kukutana. Chai ina chumvichumvi zinazopitisha umeme, na kati ya mguu mmoja wa chipu na mwingine mara nyingi hakuna hata nusu milimita. Umeme ukipita humo, metali huyeyuka upande wa chanya na kujijenga upande wa hasi, vijinywele vikatambaa kama mizizi ya mchicha mpaka vigusane. Havihitaji wiki. Dakika chache zinatosha, na shemeji alizitoa zote kwa moyo mkunjufu, maana ilipokataa kuwaka aliendelea kubonyeza.

Nilipochomoa betri, kikao kilikuwa kimeshaanza. Hoja ya kwanza ilikuwa mchele. Shangazi aliiunga mkono kwa sharti kwamba usiguswe mchele wa Kyela, zitumike chenga. Laptopu ikazikwa kwenye beseni la chenga. Watu wanasahau kwamba tatizo la chai si maji peke yake. Maji yataondoka yenyewe. Sukari, mafuta ya maziwa na protini zake havina safari. Vinabaki pale pale, vinanata, vinavuta unyevu wa hewa yetu ya pwani, na kazi ya kula shaba inaendelea usiku mmelala. Mchele hauwezi kuinyonya sukari kutoka chini ya chipu. Mwaka 2024 Apple waliwaandikia wateja wao kwamba simu iliyolowa isitiwe kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu. Shangazi hakuwa ameisoma. Laptopu ilifukuliwa ikiwa na chenga kwenye tundu la chaji, na zile nyingine zikapikwa ubwabwa. Tulikula, lakini kwa uangalifu.

Hoja ya pili ilikuwa drai ya saluni, kwa kuwa mpangaji wa chumba cha mbele ni msusi. Hewa yake ya moto iliikausha chai vizuri sana, yaani iliigandisha. Na kitufe cha herufi M kikajikunja.

Hapo ndipo alipoingia mjomba, aliyewahi kufanya kazi hospitali, ingawa ilikuwa getini. Alikuja na chupa ya spiriti ya buluu kutoka duka la dawa. Mjomba hakukosea njia, alikosea chupa. Spiriti ya vidonda inayofuata fomula ya Waingereza hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi. Mgonjwa anashukuru. Mazabodi haina ngozi: alkoholi inaruka, mafuta yanabaki, na vumbi la mtaa linapata pa kutua. Mtu mwingine akaleta kitakasa mikono kilichobaki tangu wakati wa korona. Kile kinachotengenezwa kwa alkoholi ya isopropili kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani kina asilimia 75 ya alkoholi hiyo, lakini kina pia asilimia 1.45 ya gliserini, nayo haina haraka ya kukauka. Kile cha kuvutika kina uteute juu yake. Ukisafishia bodi, umeondoa uchafu wa chai ukaweka uchafu wenye harufu ya limau.

Kinachotakiwa ni hiyo isopropili yenyewe, asilimia 99 au karibu na hapo, isiyo na rangi, isiyo na manukato, isiyo na nia njema ya ziada. Asilimia 70 inaua vijidudu vizuri, lakini asilimia 30 iliyobaki ni maji, na maji ndiyo tuliyokuwa tunayakimbia. Ni kweli kwamba sukari huyeyuka zaidi kwenye maji kuliko kwenye alkoholi, kwa hiyo bodi iliyokunywa chai kwanza hufutwa kwa maji safi yaliyotoneshwa kwa mvuke, kidogo kidogo, halafu alkoholi inafuata kuyafukuza maji.

Hayo maji nayo yana kisa. Ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi kiasi kwamba sufuria ikikauka hubaki na ramani nyeupe, hayafai. Fundi wa magari akapendekeza maji ya betri, wazo zuri, isipokuwa dukani yamekaa rafu moja na asidi ya betri, na wauzaji wengi huviita vyote viwili maji. Binamu alitumwa. Alirudi na chupa bila lebo na majibu yasiyoeleweka. Chupa hiyo haikufunguliwa, na ningependa ibaki hivyo.

Mwisho wa yote laptopu ikapelekwa kwa fundi, kijana anayekaa kibarazani na meza ndogo, taa ya kukuzia na mswaki. Mswaki ni laini, na si ule wa nyumbani, nilimuuliza. Aliifungua yote. Aliitoa bodi nje, akatenga feni, spika na kioo, kwa sababu alkoholi inayosafisha bodi inaweza kuharibu utando wa kioo na kuosha grisi ya feni. Akagusa chuma kwanza, ingawa kwa unyevu wa Dar umeme tuli hautusumbui sana. Akatonesha, akapiga mswaki taratibu, akainamisha bodi ule uchafu uteremke kwenye kitambaa, akatonesha tena. Hapo kwenye kuinamisha ndipo mafundi wa haraka wanapoanguka. Wanasugua, alkoholi inauyeyusha uchafu, halafu wanauacha ukaukie hapo hapo. Bodi inatoka na ukungu mweupe kila mahali. Uchafu uliokuwa sehemu moja umegawiwa kwa haki bodi nzima.

Ukungu huo mara nyingi ni flaksi, ile pesti ya kahawia inayosaidia risasi kushika wakati wa kulehemu. Ya kienyeji hutokana na ulimbo wa msonobari. Zipo zilizotengenezwa ili ziachwe bila kusafishwa, nazo hazina madhara zikipata moto wa kutosha. Zikipashwa nusunusu zinabaki na ukali wake. Fundi wangu huziosha zote. Anasema hana muda wa kuzihoji.

Sasa, kibaraza hicho kina jirani. Ni mama wa vitumbua, jiko lake la mkaa liko chini, hatua kadhaa kutoka kwenye meza ya fundi. Isopropili hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Dar es Salaam haijui nyuzi 12. Hata Julai, watu wanapovaa masweta na kulalamikia baridi, mvuke wetu uko tayari muda wote. Tena ni mzito kuliko hewa, hautafuti dari, unatambaa chini, huko huko liliko jiko. Nilimweleza fundi, akamwomba mama asogee. Mama akamuuliza nani alitangulia kufika kibarazani. Suala lilienda kwa balozi wa nyumba kumi, na uamuzi ukawa wa busara: chupa ifunguliwe baada ya vitumbua kwisha, yaani saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo wateja wa fundi hununua vitumbua kwa wingi ili kazi zao zianze mapema. Nashauri tu wanawe mikono kabla ya kula, hasa fundi mwenyewe, maana risasi ya kulehemia inayouzwa mitaani mara nyingi ina risasi ya kweli ndani yake.

Bibi yangu hakufurahishwa na habari za alkoholi. Nilipomwamkia, aliitikia kwa mbali.

"Marahaba, mume wangu. Nasikia unaosha mitambo kwa pombe wakati ndimu ziko tele uani?"

Kwa bibi, ndimu inatoa shombo, inatoa kutu, inatoa na usingizi. Nilimzuia asiikamulie laptopu, kwa sababu tindikali juu ya shaba ni kesi mpya. Akakasirika, akachukua rimoti ya televisheni ambayo mawe yake yalikuwa yamevuja na kuacha unga mweupe kwenye springi, akaisugua kwa pamba yenye ndimu. Unga ukafoka mapovu, ukaisha. Akapangusa, akakausha, akatia mawe mapya, taarifa ya habari ikapatikana. Sikuwa na la kusema, kwa kuwa bibi alikuwa sahihi kikemia: mawe ya alkalini huvuja haidroksidi ya potasiamu, na tindikali dhaifu huituliza. Ingekuwa ni mawe ya bei rahisi ya zinki na kaboni, uvujaji wake ni wa kitindikali, na dawa yake ni magadi kidogo kwenye maji. Nilipomwambia hivyo, alinionyesha kopo la magadi, pembeni ya maharage. Glovu tu ndizo alizozikataa, akidai mikono yake imeshika makubwa kuliko hayo.

Aliposhinda mara ya pili ni nilipomsimulia ya viwandani. Miaka ya 1980 viwanda vya elektroniki vilipenda sana kuosha mabodi kwa kimiminika kiitwacho CFC-113. Hakikuwaka moto, kilikauka upesi, kila mtu alikisifu. Lakini wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wameshaonya tangu 1974 kwamba kemikali za jamii hiyo zinakula ozoni huko juu, na mwaka 1987 nchi zikasaini Mkataba wa Montreal wa kuzipunguza. Wahandisi wakaanza kuhangaika kutafuta mbadala. Mmoja uliotangazwa mwaka 1988, na AT&T pamoja na kampuni ya Petroferm, ulitokana na maganda ya machungwa. Nilijaribu kumfafanulia bibi kwamba hayo ni mafuta ya ganda, yanayoyeyusha ulimbo, wala si maji ya tunda. Hakusikiliza. Alishaanza kumwambia shangazi kwamba Wamarekani wameiga.

Kazi pekee niliyoikataa katakata ni ya mjusi. Kompyuta ya mezani ya dukani kwa binamu ilizima kwa kishindo, na tulipochungulia kwenye matundu ya kisanduku cha umeme, mjusi alikuwa amejilaza kwenye sehemu mbili zisizotaka kuunganishwa. Binamu akaja na mswaki na alkoholi. "Nimeshachomoa waya," akajitetea. Umeme wetu wa volti 230 ukiingia humo hugeuzwa kuwa karibu volti 325 za mkondo mmoja, na kapasita huzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko subira ya mtu. Mjusi yule naye hakuwa na waya uliochomekwa. Kisanduku kilinunuliwa kingine, cha zamani kikaondoka na mwenyeji wake ndani.

Laptopu ya shemeji iliwaka, bila herufi M. Barua zake za kazi anaziandika kwa kukwepa neno "mheshimiwa", na hadi sasa hakuna aliyelalamika.

Ya kwako ikimwagikiwa leo, chomoa chaji, shikilia kitufe mpaka izime, igeuze kifudifudi, na usiiwashe, hata kidogo, hata kwa kuangalia tu. Ipeleke kwa fundi ingali mbichi, maana kutu ya kijani haisubiri mwisho wa mwezi. Kabla hajaanza, muulize chupa yake ina nini na ni asilimia ngapi. Akikujibu "spiriti tu, bosi", chukua mazabodi yako uondoke.