Noti Saba za Baba Mmoja

Mama muuza unga alifumba jicho la kushoto, akaiinua noti yangu ya dola 20 mbele ya jua, akanitazama kupitia katikati yake. Kisha akatangaza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: "Papa, ii feza iko na bitundu. Bitundu mbili, unaona?" Waliokuwa nyuma yangu wakasogea waone. Kijana mmoja akaomba naye achungulie, akapewa. Noti ikapita mkono kwa mkono kama picha ya bibi harusi, kila mmoja akitoa maoni, hadi iliponirudia na mfuko wangu wa unga ukarudi kwenye rundo.

"Kwiko ingine?"

Ilikuwepo. Nikatoa ya pili: matundu mawili, mahali palepale, pembeni juu. Ya tatu hivyo hivyo. Mama akazipanga juu ya magunia, akazikagua moja moja bila haraka, akatikisa kichwa. "Papa, izi zote ni za baba mumoja."

Foleni ilicheka hadi dereva wa lori lililosimama kando ya barabara akashusha kioo kuuliza kuna nini. Akaelezwa.

Pale sokoni hakuna aliyetaka kusikia utetezi wangu, basi nitautoa hapa. Nilikuwa nimeuza friji. Ilikuwa nzima kabisa, ila umeme wa Katanga yetu ya Kongo huenda kwanza migodini, na ukishachoka huko ndipo hutupitia sisi wa Mulungwishi kutusalimia. Friji ikawa kabati ya kutunzia viatu. Nikaipeleka mnadani kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa Likasi: kuanzia dola 80, nyongeza isipungue dola 5, mwisho saa mbili usiku.

Nilijipa moyo kwa habari ya eBay. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake wa intaneti mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitaa cha leza kibovu, kikaenda kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kifaa kimeharibika. Akajibiwa: mimi hukusanya vitaa vya leza vilivyoharibika. Nikawaza, ikiwa hata kibovu kina mwenyewe, friji yangu inayotoa baridi mara mbili kwa wiki haikosi mtu.

Mnada wenyewe ni elimu. Ukipandisha bei hadharani, watu hununuliana hasira. Binamu yangu, ambaye hana hata mahali pa kuweka friji, alitaja dola 200 kwa sauti iliyorekodiwa, eti kuchangamsha soko, kisha akazima simu. Kuna njia nyingine, ya bei ya siri, na mshairi Mjerumani Goethe aliijaribu mwaka 1797 akiuza utenzi wake, Hermann und Dorothea. Aliandika bei yake kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha na kumkabidhi mtu wa katikati. Kisha akamwambia mchapishaji: taja unachoweza kulipa. Ukitaja chini ya kilichomo, hakuna biashara. Ukitaja zaidi, utalipa kile kilichomo tu. Mpango mzuri ajabu, kwa sababu mchapishaji hana faida ya kudanganya. Mchapishaji akataja thaler 1,000. Bahasha ikafunguliwa: thaler 1,000. Mtu wa katikati alikuwa amemnong'oneza. Tangu niisome habari hiyo, kila mtu wa katikati namtazama mifukoni.

Mnada wangu ulishikwa na mzee mmoja wa Likasi, mtaratibu, anayeandika ujumbe wenye nukta na mkato. Dola 140. Likabaki swali la malipo.

Njia ya kawaida ni simu. Kenya walianza na M-Pesa mwezi Machi 2007, kwetu ikaingia mwaka 2012, na leo chini ya kila mwavuli kuna mama mwenye simu tatu na daftari. Jambo hili hunishangaza kila ninaposimama pale. Ukimpa yule mama dola 10 amtumie shangazi yako Kinshasa, hakuna dola inayokwenda Kinshasa. Noti yako inabaki ndani ya mkoba wake, pengine jioni itanunua samaki. Kinachosafiri ni hesabu tu: tarakimu yake inapungua, ya shangazi inaongezeka, na jumla ya tarakimu zote za nchi inatakiwa ilingane na pesa halisi zilizolala benki. Mama naye tarakimu zake amezinunua kwa wakala mkubwa. Kwa hiyo anaweza kukukwamisha kwa njia mbili zinazopingana. Ukienda kuweka, tarakimu zimemwishia. Ukienda kutoa, noti zimemwishia. Siku za mishahara ya migodini kila mtu anataka kutoa na hakuna anayeweka, basi mama anakaa na utajiri mkubwa ndani ya simu na hana hata faranga 500 ya kukurudishia. Akipata vyote viwili, atakuambia rezo, yaani mtandao, hakuna.

Ujumbe na hesabu navyo ni vitu viwili tofauti, ingawa vinakaa kwenye kioo kimoja. Ujumbe mfupi hutungwa, huhifadhiwa mahali, kisha huletwa kwako; yeyote mwenye simu anaweza kukuandikia kwamba umepokea dola 140. Lakini ukipiga wewe mwenyewe ile namba ya nyota na reli, unafungua mazungumzo ya moja kwa moja na mtandao, na yakikatika hayaachi kitu. Anayekujibu hapo ni daftari lenyewe. Ndiyo maana anayekuuzia kitu kwa akili hasomi kilicholetwa, anauliza salio.

Njia hii ya simu nayo ina ada. Anayetuma hukatwa, anayetoa hukatwa, na ada hupangwa kwa madaraja, hivyo mwenye kidogo huacha sehemu kubwa zaidi ya pesa yake kuliko mwenye nyingi. Juu ya hapo tuna pochi mbili kwenye namba moja, ya dola na ya faranga, na mtu akikutumia faranga kwa kitu ulichouza kwa dola, mtaanza mnada mwingine wa kiwango.

Nikamweleza mzee haya yote. Akajibu, kwa nukta na mkato, kwamba yeye hapendi makato. Angekuja mwenyewe na taslimu. Ada sifuri. Mkono kwa mkono, mchana kweupe, mashahidi wawili. Nitajieni njia iliyo salama kuliko hiyo.

Alifika na risiti ya nakala mbili aliyoiandika kwa karatasi ya kaboni. Alikuwa amehesabu noti saba za dola 20, mpya, zinazonukia benki, akazipanga sawasawa, na ili hata moja isipotee njiani akazibana pamoja na risiti kwa pini ya stepla.

Aliitoa pini mwenyewe, kwa ukucha, kwa heshima zote. Tukashikana mikono.

Mgeni wa nchi hii lazima aelezwe uzito wa tundu la pini. Faranga yetu huvumilia kila kitu. Noti ya 500 iliyokatika katikati ikaungwa kwa plasta, iliyofutiwa mafuta, yenye namba ya simu ya mtu aliyekwisha hama, hupokewa bila kutazamwa. Dola ni mgonjwa wa wodi maalumu. Hupanguswa, hupigwa jua, kingo zake hupimwa kwa kidole. Ikiwa na mchaniko wa upana wa mchele, hapana. Doa la wino, hapana. Ikiwa ya zamani, yenye kile kichwa kidogo, hapana. Ya dola moja wengi hawataki hata kuishika. Na kule ilikozaliwa noti hiyo sheria ni kwamba ukibaki na zaidi ya nusu yake, serikali ya Marekani itakulipa thamani yote. Inaweza kuungua, kuoza, kutafunwa na panya. Pini ya stepla kule si habari. Kwetu ni msiba.

Sababu tunayo, wala si ujinga. Wazee wanaokagua dola leo ndio walioona noti ya zaire milioni 5 ikitoka mwishoni mwa 1992, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakageuza Kinshasa uwanja wa uporaji mwezi Januari uliofuata. Mwaka 1993 wakaambiwa zaire milioni 3 sasa ni zaire mpya moja. Mwaka 1998 wakaambiwa zaire mpya 100,000 sasa ni faranga moja. Fanyeni hesabu: faranga moja ni zaire bilioni 300 za mwanzo. Mtu aliyezikwa na sifuri nyingi namna hiyo ana haki ya kupiga karatasi jua. Ninachouliza ni kwa nini apige yangu.

Nikapanda basi hadi Likasi kwa kambisti, mbadilisha fedha wa barabarani. Hawa hukaa na matofali ya faranga mbele yao, yamefungwa kwa mpira, bila hofu, na hutazama noti kama daktari anayejua tayari utakufa lini. "Mukubwa, ii nitakupa kumi na saba." Nikamwonyesha nyingine, nikidhani wingi utamlegeza. Akaziona zote saba, akatabasamu kidogo, akabaki kumi na saba. Dola 119 badala ya 140. Kwa dola 21 ningelipia ada za simu na chenji ikabaki, tena nikiwa nimekaa kwangu.

Nikamuuliza yeye atazipeleka wapi noti zilizokataliwa na mama muuza unga. Alinijibu bila kuficha. Wapo wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa, wapo wenye akaunti kubwa ambao benki haiwakatalii. Kwao tundu hilo halipo. Yaani noti ni ileile, pini ni ileile, na mikononi mwa mtu mwenye njia ya kuitoa hapa inarudia kuwa dola 20 kamili. Zile dola tatu za kila noti sikulipa kwa ajili ya tundu. Nimelipa kwa kuwa mtu ambaye safari yake inaishia Likasi.

Hapo kicheko kiliniishia, na bado hakijarudi chote. Barabara hii inayokata Mulungwishi hupitisha usiku na mchana malori ya shaba na kobalti, na sijawahi kuona mtu akilipa shehena ile kwa noti aliyoipiga jua. Malipo yake hupita mahali ambapo hakuna mama mwenye jicho moja. Ukaguzi wote, ada zote za madaraja, mashaka yote ya michaniko na pini yamewekwa huku chini kwenye friji na mifuko ya unga. Kodi nayo hivyo hivyo: mwaka 2020 ilipoanza ile ya RAM ya kuandikisha simu, ilikatwa kimyakimya kwenye vocha za watu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya kisasa. Mtu anaweka vocha ampigie mama yake, vocha imekwisha kabla mama hajaitika. Kelele zilipigwa hadi bungeni, ikafutwa mwaka 2022. Waliokatwa hawakuitwa popote kurudishiwa. Hakuna aliyewaomba hata wachungulie.

Ya minada mingine hayana urefu. Redio niliiuza kwa ujumbe mfupi uliopangwa vizuri sana, wenye nembo na salio jipya. Nembo ninayo mpaka leo. Baiskeli ililipwa kwa bahasha kupitia dereva wa basi dogo, ikafika, nyepesi kidogo. Meza ilichukuliwa na mchungaji, na kwa mchungaji mtu hadai.

Wiki hii nauza mashine ya kushonea, na masharti nimeyaandika mara moja tu, kwa ujumbe mrefu ulionichukua usiku mzima. Mnunuzi atakuja mchana. Tutakwenda wote chini ya mwavuli, ataweka pesa kwenye namba yangu nikimwona, kwa dola na si kwa faranga. Ujumbe wowote utakaolia sitausoma. Nitapiga nyota na reli mwenyewe, na salio likiongezeka ndipo mashine itabebwa. Ada ya kutoa imo ndani ya bei ya kuanzia, ingawa sikusudii kutoa: muuza vitambaa wa Likasi anapokea kwa simu, nitamlipa zikiwa hukohuko ndani. Taslimu sipokei. Anayependa stepla aiache nyumbani. Bei ya kuanzia ni dola 60, nyongeza dola 5, mwisho Jumamosi saa mbili usiku, na binamu yangu haruhusiwi.

Jibu la kwanza liliingia palepale, kutoka namba nisiyoijua: "Papa, bei ya mwisho ngapi?"