Kwa Heshima ya Bwana Ritifaa

Alama nyingine zote za Kiingereza zina kazi. Nukta inafunga sentensi, mkato unampa msomaji pumzi, kiulizi kinauliza. Ritifaa peke yake ndiye mwungwana: hagusi mstari, ananing'inia juu ya herufi kama mjumbe wa bodi kwenye kiti cha kuzunguka, na posho anachukua.

Tumsifu basi. John's ameipa umiliki na kuitia alama. Its nayo inamiliki, lakini kainyima, akaipa it's ambayo haimiliki chochote. Hapo ndipo ilipo hekima yake, maana bila yeye wino mwekundu wa walimu ungekaukia chupani.

London, treni ya Piccadilly inasimama Earl's Court, penye ritifaa. Kituo kinachofuata ni Barons Court, pasipo ritifaa. Abiria wanashuka kote kuwili, wala hakuna aliyepotea.

Maadui hakosi. Mwandishi Bernard Shaw aliandika dont na wont bila kumwalika. Bodi ya majina ya mahali ya Marekani imemfungia mlango tangu 1890. Majina yaliyosamehewa, Martha's Vineyard likiwamo, hayajai vidole vya mikono miwili. Huko Uingereza, Birmingham ilimng'oa kwenye vibao vya mitaa mwaka 2009. North Yorkshire ikatangaza kufuata mwaka 2024, kisa eti anavuruga kompyuta, na wakazi wakaja juu.

Lakini ni alama gani nyingine iliyomtoa mtu mzima kitandani usiku? Mwaka 2017 BBC ilitangaza habari za mtu mmoja wa Bristol, jina limefichwa, aliyekuwa akizunguka gizani kwa miaka na mti mrefu aliojiundia, akibandika na kuziba ritifaa kwenye mabango ya maduka. Nukta haijawahi kupendwa hivyo, masikini. Ritifaa alikuwa hata na chama cha kumlinda, kilichoanzishwa mwaka 2001 na John Richards, mwandishi wa habari mstaafu. Mzee alikifunga mwaka 2019, akiwa na miaka 96, akilalamika kwamba ujinga na uvivu vimeshinda.

Huku kwetu hatukumdekeza. Alipofika tu, tulimkabidhi ng'ombe achunge. Na hata kazi hiyo, kwenye simu watu wanamwachisha kila siku: wanaandika "ngombe bei gani", na bei wanajibiwa.