Mutua Bado Yuko Stesheni

Tangu Februari, Mutua amesimama kwenye stesheni ya Emali na begi lake la kijani, akingoja treni ya usiku ya kwenda Mombasa. Hajaketi. Hata chai hajanywa. Mimi ndiye niliyemsimamisha pale, katika sura ya tatu, na kila nikimkumbuka naona haya, kama mtu aliyemwambia mgeni "ngoja hapo, naja sasa hivi" kisha akajiendea zake mnadani kununua mbuzi.

Naandika riwaya. Haya, nimesema. Hapa Emali ukitamka neno hilo watu hukutazama kana kwamba umesema unafuga samaki. Na lengo langu si la makuu: maneno 500 kwa siku. Graham Greene, Mwingereza yule, alijipimia hayo hayo 500 na akaacha vitabu vya kujaza kabati. Maneno 500 mara siku 120 ni riwaya ya maneno 60,000. Miezi minne tu, kazi imekwisha, mtu anaoga. Mimi nilianza Januari. Sasa ni Oktoba, na daftari langu linasema nina maneno 9,340, ukihesabu na jina langu na ukurasa wa shukrani, ambao niliuandika kwanza.

Mama watoto anasema ni uvivu. Nakataa. Mimi nina kibanda cha saiba karibu na njia panda ya Loitokitok: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayokohoa, na kaunta ya M-Pesa. Nje makanga wanaita "Kimana! Loitokitok!" kuanzia alfajiri, na upande wa pili malori ya Mombasa yanapumua kama ng'ombe waliotoka mbali. Ndani humo, kwa siku moja, mimi huandika maneno zaidi ya elfu. Shida ni kwamba hakuna hata moja linalomfikia Mutua.

Chukua Jumanne iliyopita. Nilifungua saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wateja, nikaandika: "Mutua alitazama reli." Maneno matatu. Nilikuwa natafuta la nne alipoingia mzee mmoja mwenye fimbo, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Karani, niandikie barua kwa chifu." Mbuzi wa jirani walikuwa wameingia shambani kwake na kula ndengu.

"Andika mbuzi wanne," akasema.

"Mzee, si juzi uliniambia wawili?"

"Wawili ndio waliokula. Wawili walikuwa wanatazama. Andika wanne."

Nikaandika wanne. Maneno 186. Akasoma polepole, kidole juu ya kioo cha kompyuta, akaniamuru niongeze "kwa unyenyekevu" mahali pawili.

Saa nne ikaja familia ya marehemu, watu watano na simu saba. Wanataka wasifu wa kusomwa mazishini. Hapo ndipo asubuhi yangu ilipozikwa. Walibishana kuhusu mwaka aliozaliwa, kuhusu nani aitwe mke wa kwanza, na kama mtoto wa Athi River atajwe au "tumwachie Mungu". Mwishowe wakakubaliana kwa sauti moja juu ya jambo moja tu: kwamba marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Sentensi hiyo nimeipiga chapa mara nyingi mno mwaka huu. Tangu nifungue kibanda hiki, Emali haijawahi kufiwa na mtu mkali. Maneno 640. Na kilichoniuma, nilipousoma wasifu ule nikaona una yote ambayo riwaya yangu haina: mapenzi, ugomvi wa shamba, safari, siri iliyofichwa vibaya. Zaidi ya yote, una mwisho.

Kumbukumbu za mkutano wa chama cha akina mama, 210. Barua ya kijana anayeomba kazi ya ulinzi, 120. Halafu jioni akaingia dereva wa lori, jamaa mnene mwenye kandambili, akataka nimtungie ujumbe wa simu kwa mkewe aliyeko Malaba. Alipaswa kuwa nyumbani tangu Jumapili. "Weka Kiswahili cha kitabu," akasema, "nimeambiwa wewe ni mwandishi."

Nikajikunja. Nikamtungia gari lililoharibika mlimani, giza, mvua, springi ya nyuma iliyokatika kwa kishindo. Dereva akasoma, akatikisa kichwa. "Springi ikikatika naweza kujikokota hadi gereji. Mke wangu anajua lori kuliko wewe. Weka klachi." Nikaweka klachi. Maneno 58, na hayo ndiyo maneno pekee ya kubuni niliyouza maishani mwangu.

Jumla ya Jumanne: maneno 1,217. Greene amepigwa mara mbili na ushee. Lakini ya Mutua ni yale matatu, na reli bado anaitazama.

Watu wenye busara hunishauri niamke mapema. Mfano wanaopenda kutoa ni Anthony Trollope, aliyekuwa mfanyakazi wa posta Uingereza na bado akaandika riwaya zaidi ya arobaini. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, kisha anakwenda kazini. Nilikuwa nimeanza kumheshimu mpaka niliposoma kwamba alikuwa akimlipa mtumishi wake mzee pauni tano zaidi kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha tu. Kumbe! Mimi wa kuniamsha ni lori linalowashwa saa kumi usiku nyuma ya ukuta wa chumba chetu, na halinipi chochote ila moshi. Nikiamka, alfajiri si ya riwaya. Ni ya maji. Bomba letu hutoa maji likiwa na hamu, na hamu hulijia gizani, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu, wakati Trollope anachovya kalamu, mimi nimeinama juu ya jerikani ya lita 20, nasikiliza mfereji ukitoa upepo. Jerikani nane. Robo saa moja, jerikani mbili. Huo ndio mwendo wangu.

Usiku nao ni wa kazi za shule. Huu mtaala wetu mpya hufundisha mzazi. Juzi binti yangu alikumbuka saa tatu usiku kwamba kesho anatakiwa kupeleka kinyago cha kutishia ndege shambani. Shati langu la pekee la kuandikia, lile jepesi, sasa liko shuleni limevishwa kijiti, na nasikia lilipata alama nzuri.

Kuna wakati nilidhani Novemba ingeniokoa. Wamarekani fulani huko California walianzisha mwaka 1999 mashindano ya kuandika maneno 50,000 kwa mwezi mmoja, ambayo ni maneno 1,667 kila siku. Mwaka wa kwanza walifanya Julai, watu 21 tu, kisha wakahamishia Novemba kwa sababu, walisema, hali ya hewa Novemba ni mbaya na mtu hukaa ndani. Hebu niambie kama aliyeamua hivyo amewahi kukanyaga Makueni. Hapa Novemba ndiyo mvua yetu ya kutegemewa. Ukikaa ndani Novemba, Februari utakula hewa. Mwaka niliojaribu, siku ya kwanza niliandika maneno 1,700 nikajiona simba. Siku ya tatu ikanyesha. Mama akapiga simu kutoka kijijini, hakusalimia hata: "Ng'ombe wa kulima wamepatikana, uko wapi?" Nilimaliza mwezi nikiwa na mistari mingi sana, yote ya mbaazi na ndengu. Shirika lile la mashindano lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga shughuli. Sisi bado tunapalilia.

Na usidhani ni kwamba udongo wa huku hauoti waandishi. David Maillu alizaliwa Kilungu, humu humu Makueni, mwaka 1939. Miaka ya sabini alipoona hataki kungoja wachapishaji alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akatoa vijitabu vilivyosomwa na makarani wa mjini wakivificha ndani ya faili. Tanzania ikavipiga marufuku, jambo ambalo kwa mwandishi ni kama kupewa nishani. Baadaye, 1991, akatoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000. Kurasa elfu! Mimi nikifikisha 40 nitachinja jogoo.

Lakini sifa zake zimeniachia mzigo. Nikimwambia mtu wa umri wa baba yangu kwamba naandika hadithi, huangalia nyuma kwanza, husogea karibu, hushusha sauti: "Kama zile za Maillu?" Nikijibu kwamba yangu ni ya kijana anayeondoka nyumbani kutafuta maisha, naona uso unavyoanguka. Mmoja aliniambia waziwazi, "Basi hiyo nani atanunua?" akachukua kitambulisho chake akaenda kupiga fotokopi kwingine.

Haya, tuje kwenye mkasa wenyewe.

Wiki jana stima ilipotea saa moja jioni, mtaa mzima ukawa kimya, na mimi nikafurahi kama mtoto. Hakuna kompyuta, hakuna fotokopi, hakuna "karani nisaidie dakika moja". Nikawasha mshumaa, nikavuta bunda la karatasi zilizoharibika kwenye mashine, zile zenye upande mmoja mweupe, nikaandika kwa kalamu. Nakwambia ilitiririka. Niliandika namna taa za stesheni zinavyomulika begi la kijani, namna upepo wa nyika unavyovuma, namna Mutua anavyosikia kwa mbali treni ya saa nne kutoka Nairobi na moyo wake ukaanza kwenda mbio pamoja nayo. Kurasa tatu! Maneno kama 600. Nililala nikiwa nimetabasamu, mama watoto akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi stima ilikuwa imerudi, na kijana ninayemwacha kibandani nikienda kuchukua floti ya M-Pesa alikuwa ameona bunda la karatasi pembeni, akalisawazisha vizuri, akalitia kwenye mashine. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha asitupe karatasi zenye upande mzuri. Nilipofika, ukurasa wa pili wa Mutua ulikuwa umekwenda mjini ukiwa na kitambulisho cha mtu mgongoni.

Nilitafuta siku mbili. Siku ya tatu akaja mwenyewe, mama anayeuza vitunguu na nyanya za Kimana kando ya barabara, karatasi imekunjwa mara nne ndani ya leso. Nikajua anataka kurudishiwa shilingi kumi zake.

"Karani, hii ni yako?"

"Ni yangu, mwaitu. Nisamehe, ni kijana—"

"Nyamaza kwanza. Huyu Mutua anangoja treni gani?"

Nilihisi mwili wote ukipata joto. Miezi tisa, na hatimaye mtu anauliza! Nikamweleza kwa fahari: treni ya usiku, Madaraka Express, inayotoka Nairobi saa nne.

Akanitazama kama ninavyotazamwa na mama mzazi nikisahau jembe. "Ya saa nne haisimami Emali."

"Pole?"

"Inayosimama ni ile ya asubuhi, ya kutua tua. Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito, Voi. Mimi nikienda kwa binti yangu Mombasa napanda hiyo. Ya usiku hupita hapa kama haituoni. Ni hivyo, kila mtu anajua." Akafunua karatasi tena, akaigonga kwa ukucha wenye ganda la kitunguu. "Umemsimamisha hapa tangu lini?"

"Tangu Februari."

Akasonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni. "Na begi?"

"Na begi."

"Mtoto wa watu! Mpeleke barabarani apande basi."

Sikuwa na la kusema. Sura ya tatu nzima, taa, upepo, moyo kwenda mbio, yote yamejengwa juu ya treni isiyosimama. Kumbe ndiyo maana kila nikimsukuma apande, hapandi. Mama yule hakunionea huruma. Alitoa kitambulisho chake, akataka fotokopi tatu za mkopo wa chama, na akaniagiza niweke mgongoni mwa fotokopi hizo ule ukurasa wa kwanza na wa tatu, maana yeye ameanzia katikati na hajaelewa kwa nini kijana ametoroka kwao.

Alilipa mbili. Ya tatu, alisema, ni ada ya kunifundisha habari za treni.